Tupeane uzoefu: unafanyaje ili siku isipite bila kucheka?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Juzi mwanangu wa miaka 5 kaniangalia nikila, akauliza, "Baba, una jino bovu?" Nikamwambia sina. "Mbona hucheki?" Natoka Kimara alfajiri, narudi usiku, kutwa nimenuna kama mtu anayedaiwa (kweli nadaiwa, ila hiyo mada nyingine). Wenzangu mnachekea wapi? Vichekesho vya kwenye simu sivitaki, naviangalia peke yangu na kuvisahau hapo hapo.

Wa Rangi Tatu
Mimi niliacha kuziba masikio na muziki kwenye daladala. Wiki ileile gari imejaa mpaka mlango haufungi, konda anapiga kelele, "Sogeeni nyuma, huko kweupe!" Mzee mmoja aliyening'inia bomba akamjibu, "Mwanangu, huko kweupe ndiko niliko, na mguu mmoja sijui nimemkanyagia nani." Gari zima hoi, na konda mwenyewe. Siku hizi hata foleni ya Mtoni naivumilia.

Binti wa Kinyamwezi
Msinishangae, mimi nilichekea msibani. Baba alipofariki, mama alikaa siku mbili hasemi, hali. Siku ya kuzika akatokea mzee wa Kizaramo, mtani wetu, kavaa koti la marehemu, kofia kaivuta upande vilevile, anakohoa kikohozi cha baba, anaomba chai isiyo na sukari "maana mwenye nyumba hii namjua kwa ubahili". Kisha akajilaza mlangoni: mwili hautoki mpaka alipwe. Wajomba wakachanga elfu tano. Akaiinua juani kuikagua kama si bandia! Mama akaanza kutikisika mabega, tukadhani analia. Kumbe.

Utani huu wetu na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na ukimkasirikia mtani, mwenye kosa ni wewe. Mjini tunauacha, sijui tunaona haya ya nini. Kazini ninaye mmoja, kila asubuhi ananiamkia, "Mtumwa wangu, umeamka?" Namjibu yasiyoandikika hapa.

Mwananchi
Ofisini kwetu ni Yanga na Simba tu. Yanga 1935, Simba 1936, hesabu wenyewe tumechekana miaka mingapi. Aliyefungwa, Jumatatu analeta vitumbua, na jezi ya mtani kaivaa. Nyekundu nimeshaivaa, msiniulize mara ngapi.

Mhaya wa Sinza
Ila si kila kicheko ni raha. Kwetu Kagera kuna habari ya ugonjwa wa kucheka wa Kashasha, 1962. Ulianza na wasichana watatu wa shule ya bweni, ukawapata 95 kati ya 159, shule ikafungwa. Madaktari hawakukuta sumu wala kijidudu. Wengi waliouchunguza baadaye wanasema ni hofu na msongo. Mwenzio akicheka isivyo kawaida yake, mvute pembeni umuulize kulikoni.

Mleta mada
Nimeanza na ya Rangi Tatu. Jana tukila nimemwigiza konda, kisha yule mzee na mguu wake. Dogo kacheka mpaka uji ukamtoka puani. Mama yake kanikabidhi mkeka na sabuni.