Özil na Arteta: ilikuwa mpira kweli au kuna kingine?

Wadau wa Arsenal, hili jambo bado linaniuma. Kabla ligi haijasimama kwa korona, kocha wetu Arteta alikuwa anampanga kiungo wetu Özil kila mechi ya ligi. Mechi yake ya mwisho ni West Ham, Machi 2020, tumeshinda 1-0 na yeye ndo kampa Lacazette pasi ya goli kwa kichwa. Baada ya hapo hakugusa tena mpira akiwa Arsenal, na Oktoba akakatwa kwenye listi ya ligi na ya Europa. Kosa lake nini?

Jibu: Kaka, hela. Alikataa kukatwa asilimia 12.5 ya mshahara kipindi cha korona na huyo ndo alikuwa analipwa kuliko wote. Mimi simlaumu, aliuliza hela inaenda wapi, halafu miezi michache baadaye klabu ikatangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi 55.

Jibu: Msisahau ile posti yake ya kuwatetea Waighuri (Waislamu wa China) Desemba 2019, klabu ilijitenga nayo kesho yake.

Jibu: Jamani, tuongee mpira. Arteta alitaka watu wa kukaba na kukimbia, na fainali ya Kombe la FA tumeshinda bila Özil, Aubameyang kawapiga Chelsea mbili.

Jibu: Sawa mkuu, ila mpaka Krismasi ya 2020 tulikuwa nafasi ya 15 na mbele hakuna anayetengeneza nafasi hata moja mpaka alipoingizwa Smith Rowe, yani namba 10 (kiungo mchezeshaji) kabisa! Mtu wa asisti 19 msimu wa 2015/16 unamwacha hata benchi asikae? Hapo walikosea.