Hizi skoa za prosesa "zilizovuja" mtaacha lini kutusumbua nazo??

Wakuu leo sina salamu ndefu. Kila nikifungua simu kuna mtu kanirushia skrinishoti ya skoa, yaani alama za kipimo cha spidi, prosesa haijatoka, bei haijulikani, jina lenyewe bado la kubahatisha, ila namba imezungushiwa duara jekundu na maandishi "14900K KWISHA HABARI YAKE", yaani ile Core i9 ya Intel. Kwisha kwa nani? Nani kaishika hiyo chipu? Sangara yuko bado ziwani nyie mshampangia bei ya kilo.

Mimi nafunga mashine za mezani hapa Mwanza, wateja wangu wengi wapiga video za harusi na sendofu, na wenye steshenari kule Nyegezi. Jamaa mmoja wa Igoma tumekubaliana kila kitu, prosesa ya AMD Ryzen 7 7700, ramu gigi 32, mazabodi (bodi kuu) ya B650 nimeagiza Kariakoo kwa hela yangu imepandishwa basi, naenda kuipokea stendi ananipigia "kaka tusubiri kwanza, kuna chipu imevuja ina asilimia 40 zaidi". Zaidi ya nini? Hajui. Kwenye kazi gani? Hajui. Huku maharusi wa watu wanadai video zao, yeye anarenda (anaitoa video iliyokamilika) usiku kucha na laptop inayopiga kelele kama jenereta anasubiri namba za YouTube.

Sasa sikilizeni. Geekbench, programu ya kupima prosesa, mtu yeyote anapakua, anapima dakika chache, matokeo yanapanda mtandaoni. Hakuna anayekagua. Mara nyingi hizo zinazovuja ni sampuli za majaribio, spidi sio ya mwisho, BIOS (programu ya kuwashia mashine) haijakaa sawa, kwa hiyo inaweza kudanganya juu au chini. Skrinishoti haikwambii ilikuwa inakula wati ngapi, ramu spidi gani, inapozwa na nini. Hapo kwenye kupoza ndio nacheka kabisa. Kwenye maonesho ya Computex 2018 Intel walionyesha chipu ya kori (viini vya kazi) 28 inakimbia GHz 5, ukumbi ukashangilia, kumbe chini ya meza kuna chila ya kupozea maji, ile ya kiwandani! Hiyo ni kampuni yenyewe jukwaani mchana kweupe, sembuse mtu asiye na jina anayetafuta vyuu.

Mwaka huohuo, Oktoba, Intel wakalipa watu wapime i9-9900K yao dhidi ya Ryzen 7 2700X ya AMD kwenye gemu. Ryzen wakaiwekea Game Mode, ambayo inaizimia nusu ya kori zake. Kelele zilipozidi ndio wakarudia vipimo.

Na msidhani naonea Intel, AMD nao walewale. Juni 2024 wametangaza Ryzen 9000 kwamba muundo wake mpya, Zen 5, una IPC (kazi inayofanyika kwa kila mpigo wa saa ya prosesa) asilimia 16 zaidi kwa wastani, Agosti rivyu zinatoka, kwenye gemu ongezeko dogo watu wakabaki wanaulizana, mara ni Windows, mara ni akaunti ya admini. Core Ultra 9 285K ya Intel nayo kabla haijatoka zilizagaa skoa za kori moja tamu kweli, imekuja Oktoba 2024 kwenye gemu nyingi inaachwa na huyohuyo 14900K, tena soketi (kitako cha prosesa kwenye mazabodi) mpya ya LGA1851, yaani na mazabodi ununue upya.

Halafu kuna mambo skoa haiwezi kukuonyesha hata ingekuwa ya kweli. Zile za Intel kizazi cha 13 na 14 kwenye benchimaki (vipimo) zilikuwa moto, baada ya muda watu mashine zinakraashi kwa sababu ya volteji, 2024 ndio wakatoa maikrokodi (marekebisho ya ndani ya prosesa) na kuongeza waranti miaka 2. Nani alivujisha hiyo mapema? Hakuna. Na 14900K inaruhusiwa mpaka wati 253, sasa kaiweke chumba cha bati pale Mabatini saa nane mchana na feni ya bei chee uone kama utapata hiyo skoa.

Wa gemu na nyie, hizo grafu zinapimwa kwa picha ya 1080p na kadi ya picha kali kama RTX 4090 makusudi ili tofauti ya prosesa ionekane. Wewe una RX 580, kadi ya zamani. Hiyo prosesa hata ingeshushwa na malaika, fremu zako ni zilezile.

Tena soketi ya AM5, ndiyo ya hiyo B650 ya jamaa wa Igoma, AMD wenyewe wamesema wanaenda nayo mpaka 2027 na zaidi, kwa hiyo ukinunua leo ufanye kazi, chipu mpya ikija na ikiwa kweli ni kali unabadilisha chipu tu. Kusubiri kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo anayeleta skrinishoti hapa chini aweke na wati, ramu, kifaa cha kupozea, na muda aliorenda faili lake mwenyewe. Kama huna, usinitagi.