Mjadala: Tovuti ya jiji ipimwe kwa vipengele ilivyo navyo, au kwa safari ilizokuokolea?

Jirani wa Sokoni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Umoja wa Mataifa una kipimo chake cha tovuti za majiji. Kilianza 2018 kwa majiji 40. Kufika 2022 kikalenga 193, yaani jiji lenye watu wengi zaidi katika kila nchi mwanachama, kwa hiyo kwetu ni Dar es Salaam, kwa Wakenya ni Nairobi. Mpimaji anaingia kwenye tovuti akiwa na orodha ya vipengele, 60 mwaka ule wa kwanza, 86 mwaka 2022. Kipengele kipo, 1. Hakipo, 0. Mwisho anajumlisha.

Ubishi wangu uko hapo kwenye "kipo".

Mwaka jana nilihuisha leseni ya duka langu la vyombo, katika halmashauri ambayo sitaitaja. Fomu ipo mtandaoni, namba ya malipo ikaja kwenye simu, nikalipia nimekaa kwenye kigoda changu. Kwa mpimaji hapo ni moja, moja, moja. Kisha nikapigiwa: "Chapa hiyo risiti, chapa na fomu, uje nazo dirishani, na mkataba wa pango kopi mbili." Nikaenda. Anayeidhinisha yuko semina. Nikaenda tena, mtandao wao uko chini. Mara ya tatu nikaipata. Safari zilezile za enzi za makaratasi, ila siku hizi karatasi nanunua mimi.

Hoja yangu: tovuti ya jiji ihesabiwe safari ilizoniokolea. Mengine ni urembo. Nawasilisha.

Fundi Seva

Mkuu, mimi ni afisa TEHAMA wa halmashauri, sisemi ipi maana nina watoto wa kulisha.

Unachanganya vitu viwili. Leseni za biashara sasa zinapita TAUSI, mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri zote. Malipo yanapita GePG ya Hazina. Zabuni ziko NeST, mfumo wa taifa wa ununuzi wa serikali, tangu 2023. Tovuti ya jiji imebaki lango tu: jina, picha, matangazo, na viungo vya kukupeleka kwingine. Mgeni akija na orodha yake akapima lango peke yake, atasema jiji halitoi huduma mtandaoni, na huduma iko mlango wa pili. Sasa alama za mlango wa pili apewe nani, jiji au wizara?

Halafu yaliyomo. Mimi siandiki habari, nasubiri idara ziniletee. Mipango Miji wakinipa ramani naiweka siku hiyohiyo. Ninacholetewa ni picha za ziara. Ndiyo maana ukifungua ukurasa wa mbele unakuta viongozi wenye kofia za ujenzi wakinyoosha vidole. Huo si ugonjwa wa kompyuta. Na mimi huyohuyo ndiye natengeneza printa, naunganisha maikrofoni za Baraza la Madiwani na kufuta virusi kwenye flashi za watu.

Baraza la Kahawa

Tovuti ya nini? Gari la taka lisipokuja, habari iko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla jiji halijaamka. Mpimeni mwenyekiti wa mtaa.

Mvita

Mie niko Mombasa, na mwanzisha mada nampinga, tena kwa heshima.

Leseni utaipata tu, kwa simu au kwa miguu. Mwenye haja nayo ni wewe, utahangaika mpaka uishike. Bajeti ya jiji nani atahangaika nayo? Isipowekwa mtandaoni ni kama haipo. Huku kwetu Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti zichapishe nyaraka za bajeti. Shirika la Bajeti Hub, zamani likiitwa International Budget Partnership Kenya, huingia kwenye tovuti za kaunti kukagua zipi zimewekwa na zipi hazimo. Makadirio yapo? Ripoti ya utekelezaji ya robo mwaka ipo? Hicho ndicho kipimo chenye meno, kwa sababu kinauliza kitu ambacho wakubwa wangependa kisiulizwe. Fomu ya leseni haimfichui mtu; inawaletea pesa.

Tazameni wenyewe ni kitu gani hufanya kazi upesi kwenye mifumo hii. Ni kulipa! Ulipe maegesho, ulipe leseni, ulipe ardhi. Ukitaka kujua pesa zimekwenda wapi, kiungo kimekufa, au unashushiwa faili ya kurasa 300 zilizoskaniwa kimshazari. Nanyi Tanzania mna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016, msijifanye wageni.

Dada wa Steshenari

Mnabishana kana kwamba wananchi ndio wanaoingia humo. Wanaoingia ni sisi.

Mteja anakuja na kitambulisho chake cha NIDA na TIN, namba ya mlipakodi, anakaa kwenye stuli, mimi najaza. 3,000 kwa fomu, 500 kila karatasi ya kuchapa. Nywila za wateja ziko kwenye daftari langu la kaunta, ni kurasa nne sasa, maana wakiondoka nazo wanasahau, na mwaka ukizunguka wanarudi kwangu. Wengine akaunti zao zimesajiliwa kwa namba yangu ya simu. Najua si salama, na najua sheria ya taarifa binafsi ilianza kutumika 2023. Niwafukuze? Mama lishe akiambiwa "pakia kiambatisho kisichozidi MB 2" afanye nini, apike?

Kipimo changu ni rahisi. Siku nitakayokosa wateja wa fomu za jiji, mjue tovuti imekuwa nzuri. Mimi nitauza madaftari.

Fundi Seva

Dada, hilo daftari lifungie kabatini. Nakuomba.

Sikio

Mimi sioni. Natumia programu inayonisomea skrini kwa sauti. Tangazo la viwanja likipigwa picha na kupandishwa, mimi nasomewa neno moja: "picha".

Kuna jambo dogo zaidi. Kurasa kadhaa za Kiswahili nilizopitia zimetambulishwa kwa ndani kwamba lugha yake ni Kiingereza. Programu inaamini, kwa hiyo inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Mwingereza. "Taarifa kwa wananchi" inatoka kama mtu anayetafuna kokoto. Dawa yake ni herufi mbili: palipoandikwa en pawe sw. Mmetaja safari, bajeti, daftari. Hili hakuna aliyelitaja.

Fundi Seva

Limenipita miaka yote. Kesho asubuhi naangalia ya kwetu.

Jirani wa Sokoni

Mvita kanishika pabaya. Nilihesabu safari zangu, nikasahau pesa zetu.

Ila sikubali kwamba ni mambo mawili tofauti. Mwaka 1999 jiji la Seoul lilianzisha mfumo ulioitwa OPEN. Ukiomba kibali, unaona mtandaoni ombi lako limefika hatua gani na liko kwa afisa yupi. Walikuwa wanapigana na rushwa, kuokoa nauli ilikuwa faida ya pembeni. Faili likionekana limelala, aliyelilaza anaonekana naye. Kama leseni yangu ingeonyesha "iko mezani kwa fulani tangu Jumanne", ningebaki dukani, na huyo fulani asingekaa semina kwa raha. Seoul hiyohiyo ilishika namba moja miaka mingi katika upimaji wa tovuti za majiji wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, ulioanza 2003.

Kwa Dada wa Steshenari sina jibu. Kwa Sikio nina aibu tu.

Napendekeza tuache nadharia: kila mmoja atume swali moja kwa barua pepe ya jiji au kaunti yake, ahesabu siku. Mimi nimetuma langu jana usiku, nimeuliza bajeti ya mwaka huu iko ukurasa gani.

Fundi Seva

Kama umetuma kwenye ile anuani iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa, nakutakia subira njema. Ya kwetu nywila yake alikuwa nayo mtangulizi wangu, na alihamishwa mkoa.