Dot-com za 2000 zilikufa kwa kuwahi au kwa hesabu? Na duka la mtandaoni la leo linakwenda wapi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, kila duka la mtandaoni likifunga milango huku kwetu, mabishano huwa yale yale. Kuna wanaosema biashara ya intaneti ilishazikwa Marekani mwaka 2000 na sisi tunahangaika na maiti. Kuna wanaosema zile kampuni za intaneti zilizoitwa dot-com ziliwahi tu, wazo lilikuwa zuri ila watu hawakuwa tayari. Mimi sipo kundi lolote kati ya hayo mawili. Naweka hoja yangu, mwenye nyundo aje.

Kwa ambao hawakufuatilia: Agosti 1995 kampuni ya Netscape, ambayo haikuwa imefikisha hata miaka miwili, iliuza hisa kwa umma kwa dola 28, na jioni ya siku hiyo hiyo hisa moja ilikuwa imefika dola 58.25. Kuanzia hapo, jina lako likiishia na nukta com, mtaji ulikufuata nyumbani. Tarehe 10 Machi 2000 soko la hisa la Nasdaq, lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilifunga kwenye pointi 5,048. Oktoba 2002 lilikuwa kwenye 1,114. Aliyeingia siku ya kilele akakaa humo alibaki na senti 22 katika kila dola.

Sasa tazameni waliokufa. Pets.com iliuza chakula na vifaa vya mbwa na paka. Kuanzia Februari hadi Septemba 1999 iliingiza dola 619,000, na matangazo peke yake yakala dola milioni 11.8. Ilikuwa na kikaragosi cha soksi chenye sura ya mbwa, kikawa maarufu kuliko duka lenyewe. Februari 2000 iliuza hisa, Novemba mwaka huo huo ikafunga. Webvan nayo ilipeleka vyakula majumbani. Ilipouza hisa Novemba 1999 ilikusanya dola milioni 375. Ikawa na mkataba wa dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel wa kujengewa maghala yenye mitambo, na ikaahidi kugonga mlango wako ndani ya nusu saa uliyoichagua mwenyewe, bure kwa oda inayozidi dola 50. Julai 2001 ikafilisika.

Pigeni hesabu ya oda moja tu. Mfuko wa chakula cha mbwa ni mzito na faida yake ni kiduchu. Ukishalipa ghala, mfungaji, gari na dereva, faida imekwisha na umeanza kuchimba mfukoni. Ukiuza mifuko elfu, umejichimba mara elfu. Hapo suala la kuwahi au kuchelewa linaingiaje?

Waliopona nao watazameni. eBay ilikuwa dalali tangu siku ya kwanza: haishiki mzigo, haina ghala, inachukua kamisheni, na ilikuwa na faida hata kabla ya kuuza hisa mwaka 1998. Google ilianza kuuza matangazo ya AdWords Oktoba 2000, soko likiwa linaporomoka, na tangazo halihitaji gari. Amazon ndiyo pekee kati ya wakubwa hawa watatu iliyobeba mzigo, na hisa yake ilishuka kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya dola 6 mwaka 2001. Ilinusurika kwa mambo mawili. Februari 2000, mwezi mmoja kabla ya soko kupasuka, ilikopa Ulaya euro milioni 690. Na mteja wake alilipa kwa kadi mzigo ulipotumwa, wakati msambazaji wa vitabu alilipwa wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo keshi ya mteja ilizunguka ndani kwanza. Faida yake ya kwanza, robo ya mwisho ya 2001, ilikuwa dola milioni 5, sawa na senti moja kwa hisa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba dalali wa mtandaoni ana mustakabali mrefu. Mbeba mzigo anao pale tu ambapo oda moja, ikishafika mlangoni, inaacha kitu. Kama haiachi, msituambie habari za "kukua".

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu, umezipanga tarakimu vizuri lakini umeruka ile inayokuumiza. Chewy inauza nini? Chakula cha mbwa, mifuko ile ile mizito. Ilianza 2011, na mwaka 2017 ikanunuliwa na PetSmart, kampuni ya maduka ya bidhaa za wanyama, kwa dola bilioni 3.35. Kama wazo lilikuwa na hasara kwa asili yake, hizo bilioni zimetoka wapi?

Na Webvan haikufa yote. Mick Mountz alifanya kazi Webvan, akaona gharama ya kutafuta na kufungasha bidhaa ghalani inavyoimaliza kampuni. Mwaka 2003 akaanzisha Kiva Systems, roboti fupi zinazoingia chini ya rafu, kuinyanyua na kumpelekea mfanyakazi pale aliposimama. Amazon ikainunua Kiva mwaka 2012 kwa dola milioni 775. Maana yake shida ya Webvan ilikuwa na dawa, ila dawa haikuwa imetengenezwa. Huko ndiko kuwahi kwenyewe. Mwaka 2000 nyumba nyingi za Marekani zilikuwa zinaingia intaneti kwa waya wa simu, ukurasa unafunguka kipande kwa kipande, na mtu akipiga simu ya nyumbani mtandao unakatika. Nani angenunua nyanya hapo?

Mleta mada

Chewy nilikuwa naisubiri. Mwaka 2018, miaka saba tangu ianze, ilikuwa bado na hasara ya dola milioni 268. Iliendelea kuishi kwa sababu mwenye mali alikubali kusubiri, na kwa sababu wateja wake wengi wanaletewa mfuko ule ule kila mwezi bila kukumbushwa, hivyo haiwatafuti upya kwa matangazo kila mara. Hiyo ni hesabu ya oda kurekebishwa, ndugu yangu. Na hao roboti wa Mountz kazi yao ni ipi kama si kushusha gharama ya oda moja?

Halafu ushahidi kwamba haikuwa kuwahi upo Uingereza, miaka ile ile, kwa intaneti ile ile ya waya wa simu. Tesco, kampuni ya supamaketi, haikujenga ghala la mitambo. Ilichukua mfanyakazi, ikampa toroli, akazunguka kwenye rafu za supamaketi iliyokuwepo tayari akikusanya oda ya mtu wa mtandaoni, na mteja akatozwa pauni 5 za kupelekewa. Watu waliokuwa na maono waliicheka. Juni 2001, Webvan ikiwa imebakiza wiki chache za kuishi, kampuni ya supamaketi ya Safeway ya Marekani iliingia ubia na Tesco ili ifundishwe huo mtindo wa toroli.

Mchangiaji, Arusha

Mnazungumzia kampuni tu. Pesa zilizoyeyuka zilikuwa za nani? Humo mlikuwa na akiba za uzeeni za watu wa kawaida. Kila siku naambiwa "ile ilikuwa ada ya shule". Sawa, ila aliyelipa ada na aliyekaa darasani ni watu tofauti. Kampuni ya Global Crossing ilitandaza mikongo ya intaneti chini ya bahari kwa mabilioni ya dola, ikafilisika Januari 2002, kisha ST Telemedia ya Singapore ikapata asilimia 61.5 ya kampuni kwa dola milioni 250. Mkongo ulibaki pale pale baharini, ukapitisha data kwa bei ya kutupa, na wenye hisa wa mwanzo hawakupata kitu. Mkisema "mustakabali wa biashara za intaneti ni mzuri", semeni na mzuri kwa nani.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam aleikum. Mie naona nyote mnasahau mahali. Hapa Oman watu wanaagiza chakula kwa Talabat kila uchao, kampuni iliyoanzia Kuwait mwaka 2004. Februari 2015 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Rocket Internet ya Berlin kwa dola milioni 170 hivi, na Desemba 2024 hisa zake zikauzwa Dubai kwa dola bilioni mbili. Sasa basi, Rocket Internet huyo huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya Jumia, duka la mtandaoni la Afrika, tangu 2012. Jumia ikaingia soko la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50 kwa hisa, Novemba mwaka huo ikaondoka Tanzania, na mwisho wa 2023 ikafunga biashara ya chakula kote ilikokuwa imebaki, Kenya na Uganda zikiwemo.

Mwekezaji mmoja na fikra moja, matokeo mbalimbali. Huku Ghuba mikahawa imesongamana, mshahara wa mteja unaruhusu kuagiza mara nne kwa wiki, barabara zina namba, na kijana wa pikipiki ametoka Bangladesh au Pakistan analipwa kidogo. Hilo la mwisho hatulisemi sana lakini ndilo linaloibeba hesabu yote. Huko kwetu Unguja ukimwambia mtu "nyumba ya tatu baada ya msikiti", dereva atapiga simu tano.

Mchangiaji, Kariakoo

Naomba na sisi wa chini tuseme. Mimi nauza viatu vya kike, duka langu ni Instagram na WhatsApp. Sina programu, sina mwekezaji. Mteja wa Mbeya anachagua kiatu, analipa kwa lipa namba, nauli ya mzigo juu yake. Nafunga boksi, naandika jina na namba ya simu kwa maka pembeni, napeleka ofisi ya basi, wananipa risiti, naipiga picha namtumia mteja pamoja na namba ya gari. Kesho anapigiwa simu akachukue stendi. Kiatu kikiwa hakimtoshi, kurudisha ni shughuli yake, kwa hiyo tunapimana mguu kwa sentimita kabla hajalipa.

Yale maduka makubwa ya mtandaoni yaliruhusu kulipa baada ya kuona mzigo. Mimi nilikataa mapema. Bodaboda anafika Mbagala, dada anajaribu kiatu, anasema rangi siyo ile ya kwenye picha, au hata hapokei simu. Nauli ya kwenda na kurudi inatoka kwa nani? Viatu vitatu vikirudi kwa siku, faida ya vile saba vilivyouzwa imeondoka na bodaboda.

Tena watu wanasema siyo biashara ya intaneti kwa sababu haina "platifomu". Basi.

Mleta mada

Dada wa Kariakoo amemaliza kazi niliyokuwa nahangaika nayo kwa aya sita. Keshi kwanza, nauli kwa mteja, hakuna ghala. Hiyo ni hesabu ya Amazon ya 2001 bila zile euro milioni 690.

Wa Arusha, hoja yako naikubali na sina jibu la kukupoza. Jarida la Barron's lilichapisha Machi 2000 orodha ya kampuni 207 za intaneti, likionyesha kila moja keshi yake itaisha lini kwa kasi ile ya kutumia. Kampuni 51 zilikuwa zinaishiwa ndani ya miezi 12. Hesabu ilikuwa mezani, mtu akaisoma na bado akanunua. Ndiyo maana leo nikisikia kampuni za akili mnemba zinamwaga mabilioni kwenye vituo vya data, swali langu ni lile lile: jibu moja la mashine linagharimu kiasi gani, na anayeuliza analipa kiasi gani? Ila huo ni mjadala mwingine, tusiuvuruge huu.

Mchangiaji, Nairobi

Dada wa Kariakoo ninamvulia kofia, lakini mleta mada unamtumia vibaya. Mfumo wake unamfaa mtu wa Mbeya mjini, mwenye stendi karibu na pesa mkononi. Copia huku Kenya ilianza 2013 ikilenga watu ambao supamaketi haiwataki. Mama wa kijijini aliagiza unga, sabuni au mabati kupitia wakala mwenye kiduka, lori likaleta hadi kwa wakala. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kwa hesabu yako, haikupaswa hata kuzaliwa, kwa sababu nauli ya lori la kijijini haitawahi kuacha kitu. Basi kijiji kikae bila huduma hadi lini? Mwaka 2000 wangekusikiliza wewe, Kiva isingekuwepo, na mikongo ya bei ya kutupa isingekuwepo pia.

Mleta mada

Lori ndilo tatizo. Copia ilikuwa na maghala yake na magari yake, yaani Webvan kwenye barabara ya vumbi. Wakala yule yule angekusanyiwa oda za kijiji kutoka kwa muuzaji wa jumla wa mji wa karibu, mzigo ukapanda matatu inayokwenda huko hata hivyo. Toroli ya Tesco, tofauti ni magurudumu.

Mchangiaji, Nairobi

Tesco ilikuwa na maduka kabla ya kuwa na toroli za mtandaoni. Huku kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilianguka na matawi yake yote, na wadai wakapiga kura ifungwe kabisa Januari 2020. Naivas ipo, ina matawi zaidi ya mia, lakini ukitoka mjini kilomita thelathini humwoni. Na muuzaji wa jumla unayemtaja hana orodha ya bei, anakutajia bei akikuangalia usoni. Mwambie aiweke kwenye simu kwanza, halafu tuongee kuhusu matatu.