Yuko mwaka wa tatu wa humanités Lubumbashi: anaweza kuanza kupata krediti za chuo kikuu cha Marekani?

Mama wa Katuba

Jambo yenu wote. Mtoto wangu anaingia mwaka wa tatu wa humanités (sekondari ya juu ya miaka minne) Septemba hii, opsio ya Hesabu-Fizikia. Mjomba wake anayeishi Marekani anasema watoto wa huko wanamaliza sekondari wakiwa tayari na krediti za chuo kikuu, na kwamba hata wetu anaweza kufanya mitihani akiwa hapa hapa Lubumbashi na kupunguza mwaka mzima wa ada. Ni mitihani gani hiyo? SAT anayoisomea sasa imo? Na kama safari haitawezekana akabaki UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), krediti hizo zitamsaidia?

Mwalimu wa Hesabu, Kampemba

Mama, jambo. Nianze na SAT kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wanapoteza pesa. SAT haitoi krediti hata moja. TOEFL haitoi, Duolingo haitoi. Hiyo ni mitihani ya kuombea nafasi na kuonyesha kiwango cha Kiingereza. Inayotoa krediti ni AP (mitihani ya masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) na CLEP (mitihani ya kupata krediti bila kuhudhuria somo). Zote zinatoka College Board, shirika lile lile lenye SAT, ndiyo maana watu wanazichanganya.

Halafu tuangalie huo "mwaka mzima". Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 kwa miaka minne, yaani 30 kwa mwaka. Somo la muhula mmoja lina krediti 3 au 4. Mtihani mmoja wa AP ukifaulu vizuri unaokoa somo moja, mara nyingine mawili. Kuokoa mwaka kunadai mitihani kama saba, na mtoto anayesoma kwa Kifaransa huku Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari) inamngoja sioni kama ni mzigo wa kumtwika. Mmoja au miwili, iliyochaguliwa kwa akili, hiyo inawezekana, na ni faida ya kweli: somo moja la chuo huko linaweza kuwa na bei kubwa kuliko minervali (ada ya shule) ya miaka yote ya sekondari hapa.

Kwa opsio yake, chaguo la kwanza ni AP Calculus AB. Alama ni kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi vya serikali vinatoa krediti kwa 3, vingine vinataka 4 au 5. Lakini sheria ni ya kila chuo, si ya College Board. Kwa hesabu, MIT inatoa krediti kwa 5 ya Calculus BC tu, ile ya ngazi ya juu kuliko AB; ukiwaletea AB, hata ya 5, hupati kitu. Dartmouth haitoi krediti za AP kabisa, inakuruhusu tu kurukia somo la juu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, fungua tovuti ya chuo mnachokitaka, tafuta jina la chuo pamoja na neno AP na neno credit, usome jedwali lao. Angalieni safu mbili: alama inayotakiwa, na krediti inaingia wapi. Krediti inayoingia kwenye somo la lazima la uhandisi ina uzito. Ile inayoingia kama "somo la hiari" inaweza isipunguze hata siku moja ya masomo.

Sasa wakati. AP inafanyika mara moja kwa mwaka, wiki za kwanza za Mei. Mei ya mwaka wa nne mtoto yuko katikati ya maandalizi ya Exetat, hors-session (sehemu ya kwanza ya mtihani huo) inakaribia, kuna disertasio, kuna vitendo. Kumpeleka AP wakati huo ni kumgawa vipande viwili. Afanye Mei ya mwaka wa tatu, yaani Mei ijayo. Ugumu wake ni huu: kwa programu yetu, mwaka wa tatu anasoma limiti na derivé, lakini intégrale kwa kawaida inakuja mwaka wa nne. Kwenye Calculus AB, intégrale, matumizi yake na milinganyo ya diferensia vinachukua karibu theluthi moja hadi nusu ya mtihani. Hiyo sehemu ataisoma mwenyewe kuanzia Desemba. Khan Academy ina kozi nzima ya AP Calculus AB bila malipo, imepangwa kwa mada zile zile nane za mtihani. Saa tano kwa wiki, kutoka Oktoba hadi Aprili, kwa mtoto mwenye asilimia 70 na zaidi ya hesabu, ni mpango unaoshikika.

Mtihani wenyewe ni saa tatu na robo. Maswali 45 ya kuchagua jibu kwa dakika 105: 30 bila kikokotozi, 15 na kikokotozi. Kisha maswali 6 ya kuandika kwa dakika 90: mawili na kikokotozi, manne bila.

Finalisti wa zamani

Kuhusu UNILU jibu ni fupi: hapana. Chuo cha kwetu kinakuandikisha kwa Diploma ya Serikali, na bila hiyo hakuna krediti inayoanza kuhesabika. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta) ulioingia vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022 una krediti 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi, lakini ni za masomo unayoyafanya ukiwa ndani ya chuo. Cheti cha AP hakibadilishi kitu hapo. Kwa hiyo Exetat ndiyo nguzo, mama. Asilimia zake ndizo zitaangaliwa huku na huko.

Mama wa Katuba

Aksanti sana, papa Mwalimu, aksanti mwanangu. Sasa nina maswali mawili. Shule yake haina hiyo AP, prefe (mkuu wa shule) hajawahi hata kuisikia. Atasajiliwa wapi? Na kuna mtu aliniambia afanye AP ya Kifaransa kwa sababu kwake itakuwa rahisi.

Mshauri wa Masomo, Kamalondo

Mama, ya Kifaransa iwekeni pembeni kwanza. Ni kweli ataipita bila shida. CLEP pia ina mtihani wa Kifaransa, na alama 50 inapendekezewa krediti 6, alama 59 krediti 9. Kwenye karatasi inavutia. Lakini vyuo vingi vina kifungu kinachosema mwanafunzi hapati krediti ya lugha aliyosomeshwa nayo sekondari. Buletini zake (ripoti za alama za shule) zote ziko kwa Kifaransa, wataona. Waandikieni ofisi ya usajili ya chuo barua pepe, mtaje wazi kwamba amesoma kwa Kifaransa, msubiri jibu la maandishi. Wakikubali, ni krediti za bei nafuu kuliko zote. Wasipojibu, msilipe.

Usajili. AP haifanyiki nyumbani, inafanyika kwenye shule yenye mratibu wa AP. Mtoto asiyesoma pale anaweza kupokelewa, lakini shule ina haki ya kukataa, kwa hiyo kazi inaanza Septemba, si Machi. Ingieni kwenye orodha ya College Board ya shule zenye AP, tafuteni Kongo na pia Zambia, kwa sababu kutoka Lubumbashi kupita mpaka wa Kasumbalesa mara nyingi ni nafuu kuliko ndege ya Kinshasa. Andikieni shule tatu au nne kwa pamoja. Barua iwe fupi: jina, darasa, mtihani unaotakiwa, ombi la kufanya kama mtahiniwa wa nje. Mratibu akikubali atawapa nambari ya kujiunga, mtoto anaiingiza kwenye akaunti yake. Agizo la mitihani linafungwa katikati ya Novemba. Ukichelewa kuna nyongeza ya dola 40, kama bado wanakupokea.

Bei nje ya Marekani ni zaidi ya dola 100 kwa mtihani mmoja, na shule inaweza kuongeza gharama yake. Ulizeni jumla kabla, na ulizeni wanapokea kwa njia gani. Ongezeni usafiri, viza ikihitajika, na usiku mbili za kulala. Mtoto asifike asubuhi ya mtihani akitoka kwenye foleni ya mpakani.

Jambo linaloharibu faili za watoto wetu kuliko alama mbaya ni majina. Sisi tuna jina, postnomu na prenomu. Fomu ya Kimarekani ina nafasi mbili, jina la kwanza na la ukoo. Mtoto mmoja anaandikwa namna tatu: buletini hivi, pasipoti vile, akaunti ya College Board kivingine. Siku ya mtihani anayetoka nje ya shule ile lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha, na jina lisipolingana anaweza kurudishwa. Chukueni pasipoti, nakilini majina kama yalivyo, herufi kwa herufi, kwenye kila akaunti: SAT, AP, maombi ya chuo. Kama pasipoti na buletini hazilingani, rekebisheni sasa, kwa sababu marekebisho shuleni baada ya diploma kuchapwa ni safari ndefu.

Matokeo yanatoka Julai. Kila mwaka kuna kutuma alama mara moja bure kwa chuo kimoja, mradi ukichague kabla ya tarehe 20 Juni. Baada ya hapo unalipa kwa kila chuo. Alama haziendi zenyewe. Chuo kisipozipokea moja kwa moja kutoka College Board, picha ya skrini haiwasaidii. Mtoto wa mwaka wa tatu ambaye bado hajachagua chuo anaweza kungoja, alipie baadaye atakapokubaliwa.

Na tena hili, mama, liandike mahali. Akimaliza Exetat, asikimbilie kujiandikisha chuo hapa "akisubiri Marekani" kabla ya kusoma masharti ya ufadhili. Krediti alizopata kabla ya diploma kwa kawaida zinamwacha kwenye kundi la wanafunzi wapya. Akianza chuo baada ya diploma, vyuo vingi vitamhesabu kama anayehama, na ufadhili mkubwa mara nyingi ni wa wapya peke yao.

Mtu wa Ruashi, sasa Iowa

Mama, anachokiona mjomba huku ni kitu kingine kabisa. Mtoto wa sekondari anasoma masomo ya chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) cha karibu, na alama inaingia shule zote mbili kwa wakati mmoja. Minnesota ilianza kwa sheria ya 1985, leo mpango wa aina hiyo uko karibu kila jimbo, na sehemu nyingi ada inalipwa na serikali. Lakini ni kwa mtoto anayeishi huku. Wenye ndugu huku wajue tofauti kubwa na AP: alama mbaya ya AP unaweza usiitume, bali alama ya chuo cha jamii inabaki kwenye rekodi ya chuo maisha yote. Ukiona somo linakushinda, jiondoe kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa, usiache tu kuhudhuria.

Aliye Lubumbashi anaweza kuangalia kozi za mtandaoni za Arizona State University, zile za Universal Learner. Unaanza kwa malipo madogo, unasoma, unaona alama yako, ndipo unaamua kulipia krediti au kuacha. Kulipia krediti ni mamia ya dola, kwa hiyo ulizeni kwanza chuo mnachokitaka kama kitaipokea.

Mwalimu wa Hesabu, Kampemba

Nyongeza ya vifaa. AP Calculus sasa inatumia programu ya Bluebook: maswali ya kuchagua yanajibiwa kwenye kompyuta, ya kuandika yanasomwa kwenye skrini lakini majibu yanaandikwa kwa mkono kwenye daftari la mtihani. Simu haikubaliki, ulizeni shule kama inatoa kompyuta. Kikokotozi cha kuchora grafu kimo ndani ya Bluebook, kinaitwa Desmos, kwa hiyo msiende kutafuta TI-84 mjini kwa bei ya kuumiza. Ajizoeshe nacho nyumbani, ni bure.

Na mfundisheni kuandika nukta badala ya mkato kwenye desimali. Majibu ya kikokotozi yanatakiwa yawe sahihi hadi tarakimu tatu baada ya nukta. Mtoto aliyezoea kuandika 2,35 kwa haraka anaweza kupoteza pointi za kazi aliyoifanya vizuri.