Mrejesho: IST iliyovuja oili baada ya kubadilisha filta

Wakuu, narudi na mrejesho. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini gari yangu, Toyota IST, inadondosha oili tangu nimwage oili na kubadilisha filta mwenyewe, hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma. Wengi mlisema sikukaza boliti ya sampu (ile ya kumwagia oili, chini ya injini). Nikaijaribu kwa spana namba 14: imekaza, kavu kabisa.

Aliyepatia ni yule aliyeniambia nitafute raba ya filta ya zamani. Jana asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nikapiga jeki, nikaweka na stendi (jeki peke yake siiamini, tena juu ya mchanga wetu huu!), nikafungua filta mpya. Kumbe raba ya zamani ilibaki imeng'ang'ania kwenye injini, nyeusi tii, huioni mpaka uipapase. Nami nikafunga mpya juu yake; raba mbili hazibani vizuri, ndiyo oili ikawa inavuja.

Nikaibandua kwa kucha, nikafuta vizuri, raba mpya nikaipaka oili kidogo, nikakaza kwa mkono tu. Injini hii inataka lita 3.7, nilikuta imepungua, nikaongeza karibu nusu lita.

Leo nimeenda Kongwa na kurudi. Boksi nililotandika chini ya gari halina hata tone.