Naomba ushauri: nataka kuziona ngoma za India, Kathakali na Bharatanatyam, kwa kina, si onyesho la haraka haraka

Tausi_Njiani:
Habari zenu wanajamvi. Naenda kusini mwa India kwa siku 20 kuanzia tarehe 18 Desemba, na kinachonipeleka hasa ni ngoma. Nimepanga kuanza na mji wa Chennai kwa Bharatanatyam, nimalizie jimbo la Kerala kwa Kathakali, ile ngoma ya kuigiza hadithi. Safari iliyopita, nchi nyingine, nilipelekwa kwenye onyesho la watalii: ngoma sita ndani ya dakika arobaini, huku sahani zikigongana nyuma yangu. Nilitoka bila kuelewa hata moja. Iliniuma, maana wale wachezaji walikuwa mafundi kweli. Nijipange vipi safari hii?

Mkongojo:
Dada, geuza njia. Anza Kerala, Chennai iwe mwisho. Msimu wa Margazhi, yaani wa maonyesho ya muziki na ngoma, huko Chennai huanza katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, lakini pale Music Academy, taasisi kubwa ya muziki mjini humo, Desemba ni ya muziki. Tamasha lao la ngoma huja mwanzoni mwa Januari. Ukishika ratiba yako ya sasa utaondoka mji ukiwa ndio unachangamka. Maonyesho mengi ya mchana kwenye kumbi za sabha, yaani vyama vya sanaa, hayana kiingilio, wahi tu ukae mbele uyaone macho na vidole. Tafuta pia ratiba ya Kalakshetra, chuo alichoanzisha Rukmini Devi Arundale mwaka 1936. Na hata uchoke vipi, usitoke kabla ya varnam. Ndiyo sehemu ndefu kuliko zote katika onyesho la Bharatanatyam, miguu na uso hupokezana humo, na hapo ndipo mchezaji hupimwa.

Ukindu:
Naunga mkono. Ila kwa Kathakali usiyadharau yale maonyesho mafupi ya mji wa Kochi, huko Kerala. Fika mapema, kabla hayajaanza, ukae uangalie wachezaji wakipakwa rangi. Uso wa kijani ni wa shujaa mwema. Kijani chenye michirizi myekundu ni mtu wa hadhi aliyejaa kiburi. Utaonyeshwa pia mudra, yaani ishara za mikono. Za msingi ni 24. Mchezaji hasemi neno, waimbaji ndio husimulia, yeye hujibu kwa mikono na macho. Hilo ni darasa. Ukishafuzu hapo, uliza wenyeji kuna hekalu gani lenye sherehe, ukaone ile ya usiku kucha.

Tausi_Njiani:
Usiku kucha? Naogopa nitalala, nionekane nimewadharau.

Ukindu:
Hata wenyeji husinzia, wakaamka mapigo ya chenda, ile ngoma ya kupigwa kwa vijiti, yakipamba moto. Mapigano makali mara nyingi huwekwa karibu na alfajiri. Uliza mapema kama unaruhusiwa kuingia, kwani mahekalu mengi ya Kerala ni ya Wahindu tu.

Fanusi:
Ukifika kaskazini mwa Kerala, Kannur, utasikia habari za Theyyam, ibada ya ngoma. Nenda, lakini elewa kwamba pale hakuna onyesho. Kwa waumini, aliyevaa lile taji ni mungu mwenyewe, na watu humwendea na shida zao za kweli. Vua viatu, simama wanaposimama wao, usipige makofi, na picha omba kwanza. Mimi simu niliiacha mfukoni na sijutii. Ukikosa tarehe nyingine, hekalu la Parassinikadavu, karibu na Kannur, huwa nayo kila siku.

Tausi_Njiani:
Asanteni sana, nimegeuza njia leo hii. Kannur nitalala siku tatu. Swali la mwisho: nisome hadithi gani kabla ya Kathakali?

Mkongojo:
Soma kisa cha Bhima, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, anapoingia msituni kumtafutia mkewe Draupadi ua lenye harufu nzuri. Huchezwa sana. Njiani anamkuta tumbili mzee amelala, anamfokea ampishe, hajui kwamba huyo ni Hanuman, mungu mwenye umbo la tumbili, tena kaka yake. Ukimwona mwenye ndevu nyeupe jukwaani, ndiye huyo.